Bibi Aliyeniamkia Bahi

Hili lilinitokea mimi mwenyewe. Sikusimuliwa na jirani wala sikulisikia redioni. Lilinitokea mchana kweupe, nikiwa sijanywa kitu zaidi ya chai ya rangi, na wapo mashahidi wawili, Wazungu, mume na mke, ambao mpaka leo wako hai kwao Uholanzi. Ukitaka kucheka, cheka sasa hivi umalize, halafu unisikilize.

Nilikuwa mwongoza watalii hapa Dodoma. Wenzangu wa Arusha wana mlima na wana simba. Sisi tuna nini? Zabibu, Bunge na vumbi. Basi nikajitengenezea jangwa. Niliweka mtandaoni picha za mbuga ya Bahi wakati wa kiangazi, ardhi imepasukapasuka mpaka macho yanapoishia, chumvi nyeupe juu yake, nikaandika kwamba hili ndilo jangwa la Tanzania. Uongo mtupu! Bahi ni kinamasi. Mvua ikija vizuri watu wanalima mpunga palepale na kuvua kambale. Lakini mgeni akija mwezi wa kumi, nani atamwambia? Walikuja, wakapiga picha, wakanisifu, na mimi kichwa kikavimba.

Hao wawili waliitwa Pieter na Anneke. Bwana alikuwa mwalimu mstaafu, mpole, wa kuuliza kila kitu. Mkewe alikuwa amevuka miaka sabini, mcheshi, mguu mmoja mzito kidogo. Walitaka kula chakula cha mchana katikati ya jangwa, kwenye meza, na kitambaa cheupe. Nami nikasema hakuna shida. Ili meza na viti vienee garini, nilishusha katoni moja ya maji, nikaiacha kibarazani kwangu Makole. Nilijiambia tutarudi kabla ya jua kuchwa.

Tulipofika Bahi, kijana mmoja wa bodaboda alituona tunaacha barabara, akanifuata na kunisimamisha. "Kaka, huko usiingie na gari," akaniambia. "Juu pamekauka, chini bado tope. Zunguka, pitia kwa wafugaji." Pieter akaniuliza anasema nini. Nikamjibu kwamba anatutakia safari njema. Unanielewa? Niliona aibu kufundishwa njia mbele ya wageni wangu. Ningesema tu "asante, mdogo wangu", nikageuza gari, leo nisingekuwa na kisa cha kukusimulia.

Mwendo wa saa nzima ndani ya mbuga, gari likatitia. Ganda la juu lilivunjika na magurudumu yote manne yakazama kwenye tope jeusi. Tulichimba kwa mikono, tukaweka meza chini ya gurudumu ikavunjika, tukaweka viti vikazama. Simu haikuwa na mtandao. Mpaka saa saba mchana maji yalikuwa yamebaki chupa moja, na ndani ya gari kulikuwa kunachoma.

Hapo nikafanya kosa la pili. Kila mwongoza watalii anajua kwamba gari likikwama haliachwi. Lakini mimi niliona miti upande wa magharibi, mstari wa kijani kabisa, na chini yake kama maji yanang'aa. Nikasema twendeni, ni nusu saa tu. Tulitembea saa mbili. Ile miti ilikuwa mazigazi. Kila tukisogea nayo inasogea, mpaka ikatoweka, tukabaki na mbuga tupu pande zote na gari hatulioni tena.

Anneke alianguka mara ya kwanza akacheka. Alipoanguka mara ya pili hakucheka. Ngozi yake ilikuwa nyekundu na kavu, jasho limekatika, na akaanza kumwita mtu kwa lugha yao, jina moja, tena na tena. Nilimuuliza Pieter ni nani huyo, akasema ni dada yake aliyekufa zamani. Tukapata mgunga mmoja mfupi usio na jani, tukafunga kile kitambaa cheupe kwenye miiba ili apate kivuli. Maji yalikuwa yamekwisha. Pieter alinishika mkono, akaniambia, "Wewe ndiye unayejua hapa. Tafadhali." Niamini, sijawahi kujichukia kama dakika ile. Hapakuwa na kitu nilichokijua. Nilimleta mke wa mtu kufa kwenye jangwa nililolibuni mwenyewe.

Nikaondoka mbio peke yangu. Nilikimbia, nikatembea, nikatambaa. Niliomba kwa sauti mpaka ulimi ukaganda. Ndipo nikafika kwenye korongo la mchanga, na ndani yake ameketi bibi.

Nimewaona wazee wa Kigogo, nimelelewa nao. Lakini huyu alikuwa mzee kupita wazee. Alijifunga kaniki iliyopauka, ngozi imemlegea mikononi kama nguo aliyoazima, na masikio yake yalikuwa na ndewe kubwa zilizotobolewa zamani, ile ya kushoto imechanika mpaka chini. Mbele yake palikuwa na kisima cha kuchimbwa mchangani, na maji yamejaa mpaka ukingoni. Wewe umewahi kuona kisima cha mchanga kimejaa hadi ukingoni mwezi wa kumi? Na pembeni yake kibuyu, tayari kimejazwa.

Nilitaka kumwamkia, sauti ikakataa. Kabla sijapata mate ya kumeza, yeye akainamisha kichwa na kusema, "Shikamoo, baba."

Nilikuwa na miaka thelathini na moja. Mtoto yeyote aliyelelewa na watu anajua la kufanya hapo. Unakataa. Unacheka, unasema hapana bibi, mimi ndiye wa kukuamkia wewe. Hata ukiwa na cheo gani, mtu wa umri wa bibi yako humwitikii marahaba. Basi nikajikaza, nikamwambia, "Shikamoo wewe, bibi. Naomba maji, kuna mgonjwa anakufa." Hakuitika. Nikajaribu kwa Kigogo, nikamwambia mbukwenyi, salamu ya nyumbani. Aliweka kiganja chake juu ya mdomo wa kibuyu, akaniambia tena, "Shikamoo, baba."

Utauliza, kwa nini sikukimbilia kisimani nikanywa? Nilijaribu. Nilipiga magoti nikatumbukiza mikono yote miwili, na mikono ikatoka na mchanga mkavu. Maji nayaona, mkono unapita. Nikaogopa. Nilijua huyu si mtu, na nilijua kwamba anachokitaka si heshima. Mwili mzima ulikuwa unaniambia usimwitikie. Lakini nilikuwa namsikia Anneke anavyomwita dada yake, na mkono wa Pieter nilikuwa bado nausikia kwenye mkono wangu.

Mara ya tatu alisema kwa upole sana, kama mtu anayebembeleza. "Shikamoo, baba."

Nikasema, "Marahaba."

Yule bibi alishusha pumzi ndefu. "Ahsante, baba," akasema. "Nilikuwa nimechoka." Akajitwisha kibuyu, akaniashiria nitangulie.

Sikugeuka nyuma njia nzima. Nilisikia nyayo zake zikiburuta mchangani, kisha zikawa zinakanyaga sawasawa, kisha zikawa nyepesi, na mara nikamsikia anaimba, sauti nyembamba. Mimi nilidhani nimelemewa na jua. Magoti yaliniuma, nikadhani ni uchovu.

Pieter alipotuona alipiga magoti akalia. Alinipita mimi, akaenda kumkumbatia aliyekuwa nyuma yangu, akisema mtoto, mtoto mzuri. Nikageuka. Alikuwa msichana wa miaka kama minane. Kaniki ileile, imemzunguka mara tatu kwa sababu ni kubwa. Na sikio la kushoto, ndewe imechanika mpaka chini.

Alimnywesha Anneke kidogo kidogo kwa mkono wake, kama mtu aliyewahi kuuguza wengi. Baada ya muda yule mama akafungua macho, akamtambua mumewe, akaomba tena. Pieter akanywa. Mimi nikanywa. Maji yalikuwa matamu, siwezi kusema vingine. Kisha yule msichana akatuonyesha upande wa kwenda, akachukua kibuyu chake, akakimbia akirukaruka nyufa za ardhi. Sijui kama umewahi kumwona mtoto akikimbia kwa furaha ya kuwa na miguu tu. Alikimbia hivyo. Sisi tulikwenda alikotuelekeza na jioni tukafika kwenye boma la wafugaji, wakatupa maziwa.

Anneke amepona kabisa. Ananiandikia kwamba kila asubuhi anaogelea. Anauliza habari za yule mtoto, na ananiomba nimtumie picha yangu. Sijamtumia.

Asubuhi ya pili baada ya safari ile nilishindwa kuinuka kitandani bila kushika ukuta. Ndani ya wiki mbili niling'oka meno matatu. Kufika Krismasi kichwa kilikuwa cheupe chote. Hospitali walinipima damu, mkojo, moyo, kila kitu, wakaniambia, "Mzee, huna ugonjwa, ni umri." Benki, binti wa dirishani alitazama kitambulisho, akanitazama mimi, akamwita mlinzi. Mchungaji aliniombea siku tatu. Mwisho mimi mwenyewe nikaelewa bila kufafanuliwa na mtu. Yule bibi aliniamkia kama mkubwa wake, nikakubali ukubwa. Alinitwika mzigo wake, na mimi niliupokea kwa mdomo wangu.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo ninapoona aibu. Kama mzigo ulikuja kwa njia hiyo, si unaweza kutoka kwa njia hiyohiyo? Nilianza kuwaza hivyo usingizini. Halafu nikaanza kuwaza mchana. Halafu nikapanda gari mpaka Kibaigwa, kwenye soko la mahindi, ambako kuna vijana wengi wa kupakia magunia na hakuna anayenijua. Nikamsogelea mmoja mwenye mabega mapana, nikainamisha kichwa, nikasema, "Shikamoo." Akatua gunia. "Aa, babu, unanitania! Shikamoo wewe." Nikaenda kwa mwingine. Na mwingine. Wote walinikatalia kwa adabu, wengine wakaninunulia soda. Ndiyo, nilijaribu. Usinitazame hivyo. Wewe hujalala na magoti haya.

Nina binti, anaitwa Pendo, ana miaka minne. Hana habari kwamba baba yake amebadilika. Kwake mimi ni baba tu, mwenye nywele nyeupe. Mchezo wake anaoupenda ni kujifunga kanga ya mama yake, kukaa kwenye kigoda na kujifanya mtu mzima. Kila jioni ananiambia, "Baba, mimi ni bibi. Niamkie!" Na kila jioni nilikuwa nageuza maneno, namwambia habari za leo, bibi, umekula nini, bibi.

Jioni moja nimetoka kliniki, mgongo unaniuma mpaka machozi yananitoka, nikamkuta amekaa kwenye kigoda chake, mashavu yamejaa, miguu haifiki chini. "Baba, niamkie!"

Nikasema, "Shikamoo."

Nililisema lote. Sikuteleza, usije ukanitetea. Nililisema nikimtazama machoni, na nilikuwa nasubiri. Pendo akafurahi, akavuta pumzi, akafungua mdomo. Mama yake, ambaye nilikuwa nimemweleza kila kitu, alitoka jikoni akaruka, akamziba mdomo kwa kiganja kwa nguvu mpaka mdomo ukatoka damu. Mtoto akalia. Mke wangu hakupiga kelele. Alinitazama tu, akaniambia, "Baba Pendo, ondoka." Nikachukua shuka moja na dawa zangu.

Naishi kwenye chumba cha kupanga, mahali ambapo sitakutajia, na sijaenda Makole tangu siku ile. Mke wangu ananipigia Jumapili, naongea naye, lakini simu mtoto hampi, na mimi siiombi. Ana haki. Kuna Jumapili nakata simu kabla hajamaliza, kwa sababu namsikia Pendo nyuma akicheza.

Kwa hiyo, wewe unayenisikiliza, shika hili. Ukiwa njiani popote, stendi, sokoni, shambani, mtu mkubwa kuliko wewe akakuwahi kwa shikamoo, usiseme kwamba ni mzaha. Mkatalie. Mwamkie wewe, na asipoitika, ondoka, hata kama ana maji na wewe una kiu. Na kama ni mzee mrefu, mgongo umepinda, anayeongea kama kijana, basi huenda ni mimi. Naweza nikawa nalia. Nitakuwa nalia kweli, na nitakubembeleza. Usiniitikie.