Mama Mkwe Kwenye Kiti cha Mbele

Gari lile tulilizima mahali penye mteremko tu. Hiyo ndiyo sheria ya kwanza niliyofundishwa na marehemu mume wangu, kabla ya usukani na kabla ya breki. Demarere, yaani kile kifaa cha kuamsha injini, kilikuwa kimechoka, na cha namna yake hakikuuzwa Bunia wala Kampala. Siku nyingine kiliitika, siku nyingine kilinyamaza. Kwa hiyo nyumbani, kanisani na sokoni, tulitafuta kwanza ardhi iliyoinama, kisha ndipo tukazima.

Lilikuwa gari dogo la Kiitalia, la rangi ya maziwa yaliyoganda, lililoundwa katika miaka ya sitini. Padri mmoja, Mwitalia, aliliingiza nchini kwa njia ya Mombasa, na alipozeeka na kuitwa kwao alimwachia mume wangu, ambaye alikuwa fundi umeme wa misheni. Injini yake ilikaa nyuma. Mbele, mahali ambapo magari mengine huficha injini, palikuwa na tangi la mafuta na gurudumu la akiba. Milango ilifunguka kinyume, bawaba zikiwa upande wa nyuma, na paa lilikuwa la turubai lililokunjwa kama mkeka. Vijana wa pikipiki pale Mudzi-Pela, mtaa mmoja wa mji wetu wa Bunia, walikuwa wakiniita kwa kelele: "Mama, hii gari iko mutoto! Mama yake iko wapi?" Nami nilikuwa nikiwajibu: "Eko jikoni, anapika bale banauliza ovyo."

Nililipenda gari hilo kwa sababu nililijua katika miaka ileile niliyojua kusoma. Tarehe 2 Oktoba niliketi kwa mara ya kwanza kwenye benchi la shule ya jioni, nikiwa tayari mama wa watoto wanne, na tarehe 9 Oktoba mume wangu aliniweka nyuma ya usukani. Watu hunicheka kwa jinsi ninavyozishika tarehe. Mimi sikupewa tarehe ya kuzaliwa. Aliyeniandikia kitambulisho alinikadiria kwa macho. Tarehe zote zilizofuata nimejitafutia mwenyewe, na sitaki hata moja inipotee. Diploma ya serikali, ile ya kumaliza sekondari, niliipata mwaka mmoja na binti yangu wa pili, na tulikwenda kuichukua kwa gari hilo, paa likiwa wazi, sote wawili tukiimba.

Mume wangu alifariki tarehe 14 Mei. Baada ya matanga shemeji zangu walinishauri niliuze gari, kwa kuwa mwanamke peke yake angeliharibu. Niliwajibu kwamba sikuomba ushauri. Hata hivyo, sikuthubutu kulitoa nje ya mji. Niliendesha kutoka nyumbani hadi shuleni nilikofundisha, kutoka shuleni hadi sokoni, na kila jioni nilipolilaza kwenye mteremko wa uani nilishukuru Mungu kama mtu aliyevuka mto.

Ikaja Alhamisi, tarehe 9 Septemba, katika mwaka wa sita wa ujane wangu. Asubuhi simu ililia. Alikuwa jirani wa mama mkwe wangu kule Marabo, akihema.

"Mama, batu banakimbia. Siye tunatoka sasa. Muzee wako eko amekaa mulangoni, anakatala kusimama."

"Mumubebe!"

"Tumejaribu. Ametupiga na fimbo."

Nilitafuta pikipiki, hakuna aliyekubali kuelekea upande ule. Shemeji wa karibu alikuwa Kisangani, na kwenye simu aliniambia nisubiri kesho, labda hali itatulia. Nilimfikiria yule mzee, aliyevuka miaka sabini, ameketi peke yake kwenye mlango wazi katika mahali ambapo kila mtu ameondoka. Nikachukua ufunguo.

Njia ya kwenda nilikuwa peke yangu niliyeelekea kule. Watu wote walikuwa wakija: akina mama wenye magodoro kichwani, wanaume wakivuta mbuzi, watoto wamebebana. Walinitazama kama mtu aliyepotelewa na akili. Mzee mmoja aligonga kioo na kusema neno moja tu: "Rudia." Niliendelea. Na bado, baada ya daraja la Shari, barabara iliponyooka, gari lilishika mwendo wake mzuri, ile sauti yake ya cherehani iliyoshibishwa mafuta, na kwa urefu wa tambarare hiyo nilijisikia kama siku ya diploma. Kisha nikaona moshi juu ya kilima, na furaha ikanitoka.

Pale Marabo nilitafuta mteremko kabla ya kuitafuta nyumba. Niliuona kando ya kanisa, nikazima, nikakimbia.

Mama mkwe wangu alikuwa mlangoni kama nilivyoambiwa, amevaa vitenge viwili na kitambaa cha kichwa cha Jumapili, fimbo mapajani. Nilipiga goti mbali kidogo naye, kama desturi yetu ilivyotaka, nikamsalimu. Inanipasa kueleza desturi hiyo. Katika ukoo wa mume wangu mkamwana haketi benchi moja na mama mkwe, wala hamgusi bega, wala hampi mgongo. Kwa miaka yote ya ndoa yangu nilimhudumia mama huyu nikiwa mbele yake, macho chini, kwa umbali wa hatua chache. Hakunipenda sana, kwa kuwa mwanawe alimletea msichana asiyejua hata kuandika jina lake, na niliposoma alisema kwamba sasa nimesoma kupita kiasi.

"Nimekuja kukutwaa, mama. Gari iko pale kwa kanisa."

Alilitazama kwa mbali.

"Ile? Nitakaa wapi mule?"

"Mbele, mama. Karibu na mimi."

"Karibu na weye? Bega na bega, sawa bibi-harusi na bwana yake?"

"Basi nyuma, mama."

"Nyuma! Weye unipe mugongo kutoka hapa mpaka Bunia? Nilizaa bwana yako juu nione mugongo yako?"

Milio ya risasi ilisikika kutoka upande wa kilima, mitatu, ikifuatana. Kuku wa jirani, walioachwa, walitawanyika uani.

"Mama, ile ni masasi."

"Ninasikia. Masikio yangu haijakufa."

Nilikuwa bado nimepiga goti. Ninakumbuka nilivyotamani kusimama na kumvuta kwa mkono, na nilivyojua kwamba nikimgusa hatatoka kamwe. Angejifia pale mlangoni ili heshima isivunjwe. Sikusimama. Nadhani hilo goti langu ndilo lililomsaidia. Aliinuka taratibu, akafungua kitenge chake cha juu, akakikung'uta.

"Twende. Tutaweka hii katikati."

Hivyo ndivyo tulivyoondoka Marabo. Alifunga ncha moja ya kitenge kwenye kioo cha ndani na nyingine kwenye ufito wa turubai, kikaning'inia kati yetu kama pazia la hospitali. Yeye upande wake, mimi upande wangu. Hakuna aliyempa mwenzake mgongo, hakuna aliyemgusa mwenzake bega. Nilikosa kuona kinachokuja nyuma. Kila nilipobadili vitesi, yaani gia, mkono wangu ulipita chini ya kitenge kama mkono wa mwizi.

"Mukamwana," sauti ilisema kutoka upande wa pili, "unaendesha sawa mutu anaogopa."

"Ninaogopa, mama."

"Mi pia. Endesha."

Tulikuwa tumepita kona ya pili tulipoikuta kamba. Asubuhi haikuwapo. Ilikuwa imefungwa toka mti hadi pipa la chuma, na nyuma yake walisimama vijana watano wenye bunduki. Mmoja alivaa koti la kijeshi na kandambili, mwingine buti za mvua. Walikuwa watu wa nani, sikujua wakati ule, wala sijui leo. Barabara ilikuwa tambarare kama meza.

Mwenye buti aliinama dirishani.

"Munaficha nini nyuma ya kitambaa?"

"Mama mukwe wangu, chef."

Alikivuta kitenge kikachomoka pande zote mbili, akakitupa barabarani, akamkuta mama mkwe wangu akimtazama moja kwa moja usoni. Kijana akarudi nyuma kidogo.

"Kweli ni mama mukwe," aliwaambia wenzake. Kisha kwangu: "Zima motere."

"Chef, nikizima haitawaka tena."

"Weye unanibishia?"

Aliweka mdomo wa bunduki juu ya paa. Turubai lilibonyea, na ile alama ya duara ilishuka karibu na nywele zangu. Nikazima.

Ukimya ulikuwa mbaya kuliko kelele, maana sasa tulisikia vizuri milio ya kilimani, na ilikuwa inasogea. Waliamuru nifungue mbele. Nilifungua. Waliona tangi na gurudumu.

"Motere iko wapi? Mumeuza motere?"

"Iko nyuma, chef."

"Motere nyuma? Sawa mukia?" Alizunguka, akafungua kifuniko mwenyewe, akachungulia. "Hii ni motere ao mashini ya kusaga mihogo?"

Walicheka wote. Kicheko cha watu wenye bunduki kiliniogopesha kuliko hasira yao, kwa sababu sikujua kingeishia wapi. Walipekua kikapu cha mama mkwe, wakamwaga maharage barabarani, wakakosa walichokitafuta. Mwishowe mwenye koti alilegeza kamba.

"Ondosheni hii kintu hapa."

Nilivuta kile kikono cha kuwashia kilichokuwa kati ya viti. Demarere ilitoa mlio mdogo, kama mtu anayetema mbegu, ikanyamaza. Nilivuta tena. Kimya.

"Nimesema ondosheni!"

Mlango wa upande wa pili ulifunguka. Mama mkwe wangu alikuwa anashuka.

"Mama, apana! Mi ndiye nitasukuma."

"Na mimi nitashika usukani? Mi najua ile mambo? Kaa."

Nikakaa. Sijawahi kukaa kwa uchungu kama huo. Mwanamke ambaye sikuruhusiwa kuketi naye benchi moja alikwenda nyuma ya gari, akaweka mikono juu ya kifuniko cha injini, na mimi nikabaki kitini, nimempa mgongo wangu wote. Katika kioo, ambacho sasa hakikuzibwa na kitu, niliona kitambaa chake cha Jumapili kikipanda na kushuka. Gari lilisogea kama linalofikiri. Mwendo haukutosha. Nyuma yake vijana walikuwa wanatazama, na nilingojea mlio mmoja ambao ungekimaliza kile kitambaa.

Wakati huo akina mama watatu walikuwa wakivuka barabara kuelekea njia ya mashambani, mizigo kichwani. Nilimsikia akiwapigia kelele:

"Nyinyi bamama! Munaangalia sinema? Kujeni!"

Waliweka mizigo chini. Walikuja. Gari likashika mbio ndogo, mume wangu akasema ndani ya kichwa changu "Vitesi ya pili, na usiharakishe," nikaachia mguu. Lilikohoa, likaruka kama mbuzi, likakohoa tena, likanguruma.

Sasa ilinibidi kusimama, na kusimama ndiko nilikokuogopa kuliko yote. Nilivuta breki ya mkono, mguu mmoja juu ya ambreyaje, ile pedali ya klachi, mwingine ukikandamiza mafuta hata moshi ukajaa barabara, na katika kioo nilimtazama mama mkwe wangu akija mbio, amekunja kitenge kilichobaki hadi magotini. Niliusemesha mguu wangu wa kushoto. Nilijua kwamba ukiteleza tu injini itakufa na hatutapata tena watu wa kusukuma, maana wale watatu walikuwa wameshajitwisha mizigo na kuingia mashambani. Kutoka nyuma mtu alipiga risasi, sijui hewani au wapi. Mama mkwe alifika, akavuta mlango, akajitupa ndani. Niliondoka kabla hajaufunga.

Kitenge cha kati kilibaki kule penye kamba. Hakuna aliyekitaja. Viti vya gari lile vilikaribiana mno, na barabara ilikuwa na mashimo. Bega lake likawa juu ya langu hadi Bunia. Mojawapo lilikuwa linatetemeka, na sikuweza kujua ni lipi. Darajani alisema, "Usipunguze." Penye nyumba za kwanza za mji alisema tena, "Usipunguze," ingawa watoto walikuwa wakicheza kando ya barabara na ilinibidi kupunguza.

Tuliingia uani saa kumi na moja jioni. Binti yangu alitoka jikoni akikimbia, akasimama mbele yetu, mikono kinywani. Nililiweka gari mahali pake na kushika ufunguo.

"Usizime," alisema mama mkwe wangu.

"Tumefika, mama. Hapa ni kwetu."

"Ninaona. Usizime kwanza."

Niliutoa mkono kwenye ufunguo. Binti yangu alikuja dirishani akauliza kama tunashuka, nami nikamwambia angoje. Majirani walianza kukusanyika, wakasimama kwa umbali wa heshima, wakitutazama tulivyokaa bega kwa bega mbele, tukitazama ukuta. Mafuta niliyonunua asubuhi kwa chupa yalikuwa yanaelekea kwisha, na nilijua hivyo, na nikafurahi kwamba si mimi nitakayeamua lini tuachane mabega. Tukabaki humo, milango imefungwa, hadi gari lenyewe lilipokohoa na kunyamaza.