Bisibisi Ilikuwa Mfukoni

Mwanangu, kabla sijakupa nasaha yoyote, acha nikiri. Mimi, mtoto wa mchongaji, niliyekulia katika vumbi la mbao, nilidanganywa na rangi ya viatu. Tena siku hiyo bisibisi ilikuwa mfukoni mwangu, na sikuitoa.

Nakumbuka ilikuwa siku ya soko kule Kangundo, nami nimefika na gitaa mgongoni na nywele zimechanwa kupita kiasi. Siku hizo nilikuwa mtu wa kutembea. Leo ukinisikia nikisema naenda Machakos mjini, majirani huniaga kama mtu anayehamia Ulaya, na kabla ya saa nane nimesharudi hapa Kola kwenye kiti changu, nikiwasimulia kuku jinsi mji ulivyo na kelele. Lakini wakati ule nilikuwa nimemaliza kidato cha nne juzijuzi, nikijua mambo yote ya dunia. Mtu wa namna hiyo hadanganywi na wajanja tu, hata mti unamdanganya.

Gitaa yenyewe nilipewa na mjomba Nzioka, ndugu yake mama. Alipiga gitaa ya umeme katika bendi ya dansi mpaka siku ambayo jiwe la machimbo kule Lukenya lilimponda vidole viwili vya mkono wa kushoto. Alipoona vidole havitakunjika tena, aliniita, akaniwekea gitaa magotini, akanipa na bisibisi ndogo ambayo mpini wake baba yangu ndiye aliyeuchonga.

"Hii gitaa si ng'ombe," akaniambia, "eti utaijua kwa kuangalia meno. Ukitaka kuijua, fungua."

Nikaitikia. Vijana huitikia haraka, hiyo ndiyo namna yetu ya kutosikia.

Gitaa ile ilikuwa ya zamani, rangi ya kahawia iliyofifia, na kila sehemu yake ilikuwa na historia. Kitufe kimoja cha sauti kilitoka kwenye redio mbovu. Cha pili kilikuwa kifuniko chekundu cha dawa ya meno. Ubavuni palikuwa na kiraka cha mbao alichokiweka baba yangu mwenyewe. Mjomba alikuwa akikutana na mtu yeyote anayeishangaa, anaanza kumwonyesha: hiki nilibadilisha, hiki si chake, shingo ndiyo ile ile iliyozaliwa nayo. Mimi nilikuwa nikisimama kando natamani ardhi inimeze. Nilidhani anaitangaza aibu. Kumbe alikuwa anaitambulisha, kama vile mtu anavyomtambulisha mtoto wake kwa jina la ukoo.

Sasa hapo ndipo anapoingia Wayua. Alikuwa binti wa boma la pili kutoka kwetu, na alikuwa anaolewa na Kioko, kijana mtulivu mwenye baiskeli na adabu, vitu ambavyo mimi sikuwa navyo. Niliombwa nipige gitaa kwenye harusi yao. Sitakuficha, mwanangu: nilitaka nipige mpaka bibi harusi ajute kidogo. Si sana. Kidogo tu, kiasi cha kugeuza shingo. Na nilijiambia hawezi kugeuza shingo kwa sababu ya mtu aliyebeba kifuniko cha dawa ya meno.

Ndiyo maana nikaenda Kangundo. Nilikuwa nimesikia kuna jamaa anayetaka kubadilishana gitaa kwa gitaa. Nilimkuta amevaa suruali pana na miwani ya jua, gitaa yake imelazwa juu ya kanga kama mtoto mchanga. Ilikuwa nyekundu, inang'aa, na kichwani jina la kiwanda kwa herufi za dhahabu. Sumaku tatu zimepangwa chini ya nyuzi, zile zinazonasa sauti na kuipeleka kwenye spika. Yangu ilikuwa na moja.

"Hii haijawahi kuguswa, kijana," akasema. "Vile ilitoka kwa kiwanda, ndivyo iko. Na hapa pa kuwekea vidole, unaona hiyo mbao nyeusi? Mpingo mtupu."

Mpingo! Tangu darasa la tano kazi yangu ya Jumamosi ilikuwa moja: kuchukua vinyago vya twiga na vifaru, mbao yake jakaranda, kuvipaka rangi nyeusi ya viatu, na kuvisugua kwa kitambaa mpaka ving'ae, ili wageni wa mbali wavinunue huku wakiapa kwamba ni mpingo. Harufu ile niliijua kuliko harufu ya chai. Lakini siku hiyo pua yangu ilikuwa imejaa harusi. Nikapitisha kidole kwenye ile mbao, nikatikisa kichwa kama mtaalamu, nikasema, "Kweli, mpingo."

Nilitia mkono mfukoni, nikaishika bisibisi. Watu walikuwa wamekusanyika. Nikafikiria: nikianza kufungua skrubu hapa, wataniona mshamba asiyemwamini mwungwana. Nikautoa mkono mtupu. Tukabadilishana. Jamaa alipoipokea gitaa ya mjomba hakuangalia jina wala kitufe. Aliitazama shingo kwa urefu wake, jicho moja amefumba, kisha akaifunga kwenye ile kanga haraka haraka. Mwanangu, ukiona mtu anafurahia sana takataka yako, simama.

Harusi ilifanyika kwenye uwanja wa kanisa, jua la saa saba likiwaka, jenereta ikinguruma nyuma ya jikoni. Wimbo wa kwanza ulienda vizuri. Wa pili, jasho likaanza kunitoka mikononi. Wa tatu, nikajipangusa uso, na watoto waliokaa mbele wakaanza kucheka. Mimi nikadhani wanafurahia muziki, nikaongeza madaha, nikajipangusa tena. Kisha Wayua na Kioko wakapita kusalimia wanamuziki. Bibi harusi akanipa mkono, nami kwa ukarimu wangu wote nikamshika kwa mikono miwili, mmoja kiganjani, mwingine kwenye mkono wa gauni lake jeupe.

Vidole vitano vyeusi. Ungeweza kuvihesabu ukiwa barabarani.

Baba alikuja, akaichukua gitaa, akainusa shingo mara moja tu. "Nilikufundisha kupaka hii," akasema. "Sikukufundisha kuinunua." Watu wote wakasikia, na uwanja mzima ukacheka mpaka mchungaji akalazimika kugeukia ukutani.

Nyumbani tuliifungua. Kati ya sumaku tatu, moja tu ilikuwa imeunganishwa waya. Nyingine mbili zilikuwa mapambo. Chini ya kifuniko mlikuwa na matundu ya skrubu za zamani yaliyojazwa gundi na unga wa mbao, na rangi nyekundu imepakwa juu ya rangi ya samawati. Zile herufi za dhahabu zilibanduka kwa kucha. Haijawahi kuguswa! Mwanangu, pale palikuwa pamepita mikono mingi kuliko mlango wa posho mill ya kusagia mahindi.

Lakini hayo yote ni ya kucheka. Lisilo la kucheka ni mjomba Nzioka. Nilikwenda kumweleza, nikiwa nimejiandaa kwa matusi. Hakunitukana. Aliuliza:

"Bisibisi ilikuwa wapi?"

"Mfukoni, mjomba."

Akauliza tena: "Na ile yangu, miezi yote uliyokuwa nayo, uliwahi kuifungua?"

Sikuwahi.

"Ndani kulikuwa na karatasi," akasema. "Niliandika kila kitu nilichobadilisha, na ni nani alinisaidia. Chini kabisa nikaandika, baada yangu itakuwa ya nani."

Jina hakulitaja, ingawa nilijua ni langu, nami sikuwa na uso wa kuuliza. Nilirudi Kangundo siku tatu za soko mfululizo. Yule jamaa hakuonekana tena. Walioonekana ni wale waliosikia habari zangu, wakiniita "Rangi! Rangi, leo umepaka nini?" Mara ya nne sikuenda. Nikaona nyumbani kuna kazi nyingi, na kwa kweli mwanangu, tangu siku hiyo sijawahi kuzimaliza. Mjomba alikufa kabla mwaka haujaisha vizuri. Jioni za Jumapili alikuwa akikaa nje, na ule mkono mbovu ukitembea juu ya ukingo wa kiti, kana kwamba unatafuta noti za wimbo. Mahali fulani kuna gitaa yenye kifuniko chekundu na jina langu tumboni. Au pengine kifuniko kimebadilishwa. Natumaini aliyekibadilisha ameandika.

Unaniuliza kwa nini nayafukua haya leo. Ni kwa sababu ya Mwende, binti wa binti yangu, anayepiga gitaa kanisani mjini. Alikuja wiki mbili zilizopita na simu mkononi. "Babu, cheki hii." Kijana mmoja wa Syokimau, jina lake Deno, alikuwa anataka kubadilishana naye: gitaa ya umeme ya zamani, rangi ya maziwa, imeandikwa kwenye tangazo kwamba ni ya asili kabisa. Yeye Mwende angetoa yake, aliyoitafuta kwa kufundisha watoto kinanda likizo tatu. Akipoteza hiyo hana nyingine, na kwaya haina mwingine wa kupiga.

Nikamwambia, mwite aje hapa. Mimi mjini siendi.

Deno alikuja Jumamosi mchana, kijana mwenye heshima na vumbi mpaka nyusi. "Niaje... habari yako mzee," akajirekebisha, nikampenda hapo hapo. Akaitoa gitaa. Nzuri kweli. Mwende akaipiga, uso wake ukafunguka, nami nikaogopa, maana uso huo naujua. Niliwahi kuuvaa mimi.

"Hii ni original kabisa," Deno akasema. "Haijaguswa."

Mwende akanitazama. Nilimwona akiona haya, ile haya yangu mwenyewe, imeruka kizazi kizima ikamtua yeye. Nikatoa bisibisi mfukoni, ile ile ya mpini wa mbao, nikamwekea kiganjani. Sikusema kitu. Kutosema kitu ni kazi ngumu kwangu, waulize kuku.

Mwende akapiga goti, akaweka ncha kwenye skrubu ya kwanza.

"Ngoja, ngoja kwanza," Deno akasema, mkono nyuma ya shingo. "Kabla hujafungua. Hiyo sumaku ya nyuma nilibadilisha. Na shingo nilinunua kando, ile yake ilipinda. Lakini walai mwili ni wake, na waya nimelehemu mimi mwenyewe, iko poa."

"Si ungesema tu?" Mwende akauliza.

"Nikisema, watu wanadhani ni takataka."

Aisee. Nilitaka kumkumbatia yule mtoto. Miaka yote hii nimewachukia wauzaji wa gitaa, na kumbe aliyekuwa amesimama mbele yangu alikuwa mimi, anaona aibu ya kifuniko cha dawa ya meno.

Waliifungua pamoja. Kila alichosema kilikuwa hivyo hivyo, na kazi ya mkono wake ilikuwa safi. Mwende akalowesha kitambaa, akasugua ile mbao ya vidole, kitambaa kikabaki cheupe. Akasema atabadilishana, ila kwa kuwa shingo si yake, Deno aongeze na spika ndogo aliyokuja nayo. Deno akalalamika kidogo, kama inavyopasa, akakubali. Kisha Mwende akararua ukurasa wa daftari, akaandika sumaku, akaandika shingo, akaandika jina la Deno kama fundi, akaukunja na kuulaza ndani kabla ya kukaza skrubu. Chini aliandika kitu kingine ambacho sikuonyeshwa. Sikuomba.

Basi, mwanangu, hili ndilo ninalokupa. Usiogope kitu kilichobadilishwa. Mimi mwenyewe nina meno mawili yasiyo yangu na Mwende bado ananiita babu. Ogopa kitu ambacho mwenyewe anaapa hakijabadilishwa. Muulize ametengeneza nini, kisha nyamaza umsikilize; kisha fungua uone kama macho yako yanakubaliana na masikio. Matundu yasiyo na kazi, rangi iliyofichwa chini ya rangi, skrubu mpya kwenye mbao kuukuu, hivyo vyote husema hata kama mwenyewe amenyamaza. Na ukiona haya kufungua mbele za watu, kumbuka kwamba haya hiyo ni ya dakika tano. Ya kutofungua, mimi bado ninayo. Lakini kabla ya yote hayo, fungua kwanza ulicho nacho wewe, ujue unachotaka kukitoa.

Mungu akupe mikono safi na marafiki wanaosema ukweli kabla skrubu haijalegea. Ulichoachiwa na wakubwa wako, akutunzie. Na kama ulishakipoteza, kiangukie mikono inayokipiga vizuri.

Haya yote nilipomaliza kuyaandika, nilimsomea jirani yangu aliyekuwa upande wa pili wa ua akichagua ndengu. Ni Wayua, ndiyo, yule yule. Kioko alipofariki yeye alibaki na shamba, na ua wetu ni mmoja. Nilipofika pale pa vidole vitano vyeusi, nilisoma haraka haraka, maana katika miaka yote hii hatujawahi kulizungumza. Alisikiliza mpaka mwisho bila kuacha kuchagua. Kisha akapuliza makapi, akasema:

"Mutinda, hiyo gauni nilifua jioni ile ile na sabuni ya kipande, ikawa nyeupe. Sasa wewe miaka yote hii umejifungia hapa kwa sababu ya nini?"