Mapengo ya Piano ya Walukuba

Jambo la kwanza utakaloliona kwa Mariat ni kidole chake cha shahada. Akizungumza hupiga meza kwa vidole vyote, kama mvua ya rasharasha juu ya bati. Kisha ghafla kidole hicho huinuka na kubaki hewani, kikingoja. Mgeni hudhani amesahau alichotaka kusema. Watu wa mtaani kwake, Walukuba, wanajua zaidi. Wao hupiga kofi moja, pa! na kidole hushuka.

Desturi hiyo ilizaliwa vitani. Mama yake, Nulu, alikuwa mpishi wa familia moja ya Masingasinga mjini Jinja, Uganda. Familia ilipofukuzwa nchini mwaka 1972, ilimwachia piano aitunze. Vita vya 1979 vilipofika, askari waliokuwa wakikimbia waliipasua piano wakitafuta dhahabu tumboni mwake. Hawakupata kitu, ila vibonyezo kadhaa havikutoa sauti tena. Nulu akaazima mkokoteni, akaisukuma hadi chumbani kwake Walukuba. Kitanda kikatolewa ili piano iingie, na Mariat na dada yake mkubwa, Fatumah, wakalala sakafuni, miguu chini ya piano.

Hapo ndipo Mariat alipojifunza kupiga na kutunga nyimbo za mapenzi. Kila wimbo ulipofika kwenye kibonyezo kibovu, Mariat aliinua kidole na Fatumah akajaza pengo kwa kofi. Majirani wakaiga. Baadaye Fatumah akaolewa Mbale, chini ya mlima Wanale, lakini kofi lake likabaki Walukuba.

Mwaka 1993, Wahindi waliporudi kudai nyumba zao, alikuja Gurbachan, mtoto wa familia ile, ndevu zimeanza mvi.

"Piano yenu hiyo, bwana," Nulu akasema. "Imeng'oka meno kama mimi."

"Mama Nulu, bado unanikumbuka?"

"Nitakusahauje? Si wewe uliyekuwa ukiniibia chapati zingali moto!"

Gurbachan alicheka hadi machozi yakamtoka. Bila kumwambia Mariat, alimleta fundi kutoka Nairobi, akaiponya piano yote. Kisha akatamka kwamba piano ni ya Mariat, na kwamba atamkodia ukumbi aimbe peke yake mbele ya watu, na yote yarekodiwe, yawe albamu yake ya kwanza. Mashine ya kurekodia ilikuwa ya kuazima, kwa jioni moja tu.

Ajabu ni kwamba Mariat alinuna. Mapengo aliyoyatungia nyimbo zake yalikuwa yamezibwa, na kila wimbo sasa ulisikika kama wa mtu mwingine.

"Mtu amekuponyea piano, unamnunia?" mama yake akamkemea. "Kweli shukrani ya punda ni mateke."

Maneno hayo yakamchoma. Akaapa kupiga kila kibonyezo, ili Gurbachan asione wema wake umedharauliwa.

Jioni ile ukumbi ulijaa watu wa Walukuba na wa mtaa jirani wa Mpumudde. Wimbo wa kwanza ulianza vizuri. Ulipofika penye pengo, Mariat akabonyeza, na ukumbi mzima ukapiga kofi. Sauti na kofi vikagongana kama vichwa viwili mlangoni. Mara ya pili, vivyo hivyo. Mariat akaacha kupiga.

"Usisimame!" akapiga kelele Magidu, fundi mitambo. "Kanda inakwenda!"

"Sasa mnapigia nini makofi?" Mariat akawauliza watu. "Piano imepona."

"Iliyopona ni piano!" akajibu mama mmoja kutoka nyuma. "Kwani sisi tumekufa?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Mariat akamtazama Gurbachan pale mbele. Alikuwa ameinua mikono, tayari, kama mtoto anayengoja chapati. Basi Mariat akaanza upya, na penye pengo akainua kidole. Pa! Kofi la Gurbachan lilichelewa kidogo, na kuchelewa huko kumo ndani ya kaseti. Wimbo wa mwisho, alioutunga wiki ile ile, ulipita juu ya vibonyezo vilivyoponywa. Huo hakuna aliyeupigia kofi. Gurbachan akafuta macho kwa ncha ya kilemba.

Magidu alitaka kuikata sehemu ya kicheko.

"Ukikata hicho," Mariat akamwambia, "nikate na mimi."

Kaseti za albamu zimekwisha kufika, na Jumamosi lori litaipeleka piano Mbale, Mariat akampigie dada yake. Fatumah, ambaye hajaisikia tangu aolewe, ametuma salamu: "Mwambieni mdogo wangu nimeacha jembe wiki nzima, mikono isije ikachoka. Na asithubutu kuanza kabla sijakaa."