Stata ambayo fundi Romani haisikii

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Romani Mchopa ameshaizunguka pikapu mara nne na hajagusa kitu. Anahamisha spana kutoka mfuko wa kulia kwenda wa kushoto, anairudisha, anainama kuchungulia chini ya injini, anainuka tena. Ungedhani gari ni lake na safari imempita.

Mwenye gari ni Hamida Bakari, mfanyabiashara wa chumvi. Huinunua mashambani upande wa Pande na kuipandisha hadi hapa Kiranjeranje, kwenye barabara kuu. Jana jioni pikapu yake kuukuu ilizima mbele ya karakana ya Romani ikiwa na magunia kumi na manane, na tangu hapo haijawaka.

“Lori la mnunuzi linaondoka Nangurukuru saa nne,” anasema Hamida. “Likiniacha ni mpaka wiki ijayo. Na mawingu yale nayaona. Chumvi na mvua havikai nyumba moja.”

Anamgeukia fundi na kumwamkia.

“Marahaba, marahaba,” Romani anaitikia kabla salamu haijafika mwisho. Siku hizi huitikia mapema hivyo, maana akichelewa watu husema anaringa.

Anafungua boneti na kuingiza kichwa ndani. “Haya, piga stata.”

Kinapita kitambo kidogo.

“Nimeisikia,” Romani anasema. “Piga tena.”

Mlango wa gari unafunguliwa. Hamida anashuka, ufunguo ukiwa mkononi. “Fundi, sijapiga bado. Ufunguo ulidondoka, nilikuwa nauokota.”

Romani anachukua kitambaa na kujifuta mikono ambayo bado haijachafuka. Anaifuta muda mrefu.

Jambo hilo amelificha miaka miwili. Romani, mwenye umri wa miaka hamsini na saba, hasikii vizuri. Sikio la kulia limekufa kabisa, na la kushoto linasikia ngurumo, halisikii milio midogo. Na kazi yake yote imesimama juu ya milio midogo.

Alizaliwa Rondo, akaanza maisha kama utingo wa malori ya mbao. Ufundi aliupata njiani, kwa kuwa lori likiharibika porini hakuna wa kumwita. Karakana hii ana miaka thelathini na mmoja nayo. Miaka yote hiyo amegonga ringi za malori kwa nyundo na kukata vyuma kwa mashine, na hajawahi kuziba masikio hata kwa pamba.

“Gari lisilowaka nililitibu kwa sikio,” anasema. “Likisema ta-ta-ta-ta, betri imechoka. Likisema ta moja tu, kuna mahali umeme unakwama. Likinyamaza kabisa, naanza na swichi. Hiyo ndiyo shule niliyosoma.”

Siku njema humpatia shilingi elfu ishirini na tano. Siku nyingine anarudi nyumbani na kijasho chake tu. Hofu yake ni kwamba habari ikienea, hata hizo siku njema zitakwisha. “Nani atampelekea gari fundi kiziwi?” anauliza, na hasubiri jibu.

Anayejua ni mkewe, Apolonia, mkulima wa ufuta. Amembembeleza aende hospitali Lindi akapimwe.

“Mara mbili amevaa shati la Jumapili akafika stendi, na mara mbili amerudi akisema basi limejaa,” anasema Apolonia. “Mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nimechoka kupiga kelele ndani ya nyumba yangu. Majirani wanadhani tunagombana.”

Lakini kinachomnyima Romani utulivu si mkewe wala majirani. Ni Mwalimu Boniface.

Mwezi Aprili mwalimu huyo wa Pande alimletea gari dogo ambalo lilikuwa halitaki kuwaka. Kwa gari la aina ile, ukifungua swichi, pampu ya mafuta iliyo ndani ya tangi huunguruma kidogo kama nyuki kwenye chupa. Safari hii pampu ilikuwa imekufa na tangi lilikuwa kimya. Romani hakulishangaa kimya kile, kwa kuwa kwake matangi yote yako kimya.

Akamwagiza mwalimu anunue plagi, kisha koili. Siku mbili zikaisha. Gari likavutwa hadi Nangurukuru, ambako fundi mwingine aliinamisha kichwa kwenye kiti cha nyuma, akasikiliza, akasema ni pampu.

Mwalimu aliporudi kuuliza kwa upole imekuwaje, Romani alimwambia siku zile alikuwa na homa.

“Sikuwa na homa. Nilikuwa mzima kama chuma,” anasema, na spana inahama mfuko tena. “Hilo la homa linaniuma kuliko la plagi.”

Asubuhi ya leo hana homa ya kusingizia. Anamwambia Hamida ukweli kwa maneno machache, macho yakiwa kwenye betri.

Hamida anaangalia magunia yake, anaangalia mawingu, anamwangalia fundi. Amekasirika na hafichi. “Kwa hiyo nimelala hapa nikimsubiri mtu asiyesikia?”

“Ndiyo, mama.”

Anatembea hadi ukingoni mwa barabara na kurudi. “Haya. Mimi nasikia. Niulize mimi.”

Anapanda garini na kupiga stata.

“Inasema nini?”

“Inasema ta. Moja tu, halafu kimya.”

Romani anachukua bisibisi ndefu, anaweka ncha yake kwenye stata na kuuma mpini kwa meno. Hamida anapiga tena. Fundi anatikisa kichwa kukubali: mtikisiko ule mmoja umefika mpaka kwenye taya. Kisha anamwomba awashe taa kubwa na kupiga mara ya tatu. Taa zinafifia mpaka karibu kuzima.

“Betri ya lini?”

“Wiki mbili. Nimeambiwa tatizo ni betri, nikanunua.”

“Basi betri haina kosa. Umeme upo, njia ndiyo mbovu.”

Anaanza kupapasa nyaya moja moja, taratibu, kama anayetafuta mwiba mguuni. Waya wa chanya ni wa baridi. Anaufuata wa hasi hadi pale unapofungwa kwa bolti kwenye bodi ya gari, na hapo vidole vinaruka. Pana moto. Maji ya chumvi yamekuwa yakivuja kutoka kwenye magunia kwa miaka, na bolti imeliwa mpaka imeota unga mweupe na wa kijani.

Kazi iliyobaki ni ya msasa, bolti mpya na grisi. Saa mbili kasoro robo Romani anaweka kiganja juu ya bodi. “Piga.”

Hamida hahitaji kumwambia. Kiganja kinatetemeka, na fundi anacheka kwa mara ya kwanza tangu alfajiri.

“Ungeniambia jana, ningekuwa nimeshafika,” anasema Hamida akifunga mlango. Kisha anaongeza, kwa sauti kubwa: “Safari ijayo nitakuja na masikio yangu.”

Vumbi likitulia, Romani anazungumzia anachokusudia. Ataandika kwenye bati la karakana kwamba fundi hasikii vizuri, mteja aseme anachosikia. Na ataenda Lindi, basi lijae au lisijae.

Alipoulizwa kama jina lake lifichwe katika makala haya, alikataa.

“Andika lote, Romani Mchopa. Ila ngojeni mpaka Jumatano. Mwalimu Boniface ni msomaji wa magazeti, na mimi Jumanne nakwenda Pande. Sitaki gazeti linitangulie kumwambia kwamba sikuwa na homa.”