Mama Mkwe Majini

Wacha niwaambie mimi, maana nilikuwepo, na wale wanaosimulia kule sokoni hawakuwepo. Rwamba hakwenda bwawani kutafuta wanaume. Ana miaka sitini na mmoja, anauza ndengu na kunde, na goti lake la kushoto humuuma kila mvua ikikaribia. Alikwenda kujifunza kuogelea. Basi. Mwenye lingine aje aniambie usoni. Kibanda changu cha mitumba kinajulikana.

Mimi ni Marcella. Tumekuwa majirani hapa Majimbo, Embu, mwaka wa ishirini huu. Rwamba ni mzaliwa wa Ishiara, kule chini kwenye joto, karibu na mto Thuci. Ukitaka kumwona amekasirika, mtajie huo mto. Kaka zake wanne walijifunza kuogelea humo wakiwa wadogo, wakijirusha uchi kutoka kwenye mawe, na hakuna aliyewauliza. Yeye alikuwa wa kutumwa maji tu. Siku moja akaingia hadi kiunoni, baba yake akamwona, akamchapa mpaka akashindwa kukaa. "Marcella," huniambia, "nimechota mto ule miaka kumi na miwili, na sijui hata kuelea ndani yake. Ni haki hiyo?"

Kwa hivyo tangazo lilipobandikwa kwamba bwawa la umma hapa mjini limefungua saa ya wanawake, Jumanne na Alhamisi saa tatu asubuhi, umri wowote, Rwamba aliacha kupima ndengu katikati. Mteja akabaki na mfuko wazi mkononi.

"Naenda," akasema.

Nilicheka mpaka nikashika mbavu. "Wewe? Na hilo goti?"

"Kwani nitaliacha nyumbani? Tutaenda nalo."

Nguo ya kuogelea nilimtafutia mimi. Kwenye beli za mitumba zinatoka nyingi, na kwa kuwa hakuna anayeogelea, sisi huziuza kama nguo za ndani za baridi; wanawake wa kule Manyatta, kwenye baridi, huzivaa chini ya rinda mwezi wa saba. Nilipata moja ya bluu, kubwa, yenye mikono mifupi. Ikamkaa sawasawa.

Jumanne tukaenda. Rwamba akabadilisha nguo, akajifunga leso mbili juu, akatoka kifua mbele. Mwalimu naye akatokea upande wa pili, filimbi shingoni. Ngai! Ni Lennox.

Lennox ni mume wa Carol, binti pekee wa Rwamba. Tulijua anafundisha watoto wa shule kuogelea. Hatukujua kwamba akina mama nao wamepewa yeye. Na asiyejua mambo ya kwetu aelewe: mama mkwe na mkwe wake huheshimiana kwa umbali. Hawakai kiti kimoja. Mkwe akiingia nyumbani, mama anavuta rinda lishuke. Kumwona mama mkwe wako mapaja ni aibu ya kuchinjiwa mbuzi wa faini. Sasa huyu hapa, hatua kumi, na chini ya zile leso ni ile nguo ya bluu tu.

Rwamba alirudi nyuma ya mlango mbio, utadhani goti ni la jirani. Lennox akageukia ukuta. Mimi nikabaki katikati, sijui nicheke ama nilie.

"Anti," Lennox akaniambia akiwa ameutazama ukuta, "mwambie Mama anisamehe. Mwalimu mwingine hakuna. Ni heri niondoke."

"Mwambie asiende popote!" Rwamba akafoka kutoka nyuma ya mlango. "Nimengoja miaka hamsini. Akae hivyo hivyo alivyo, afundishe."

Na hivyo ndivyo alivyofundishwa. Wanawake wengine walifundishwa kama kawaida. Zamu ya Rwamba ikifika, Lennox anayapa maji mgongo, anatazama ukuta, anasikiliza. Kijana yule alikuwa anaona kwa masikio. "Mama, miguu inapiga hewa, ishushe kidogo." "Mama, umebana pumzi, itoe." Mimi nilikaa ukingoni nikiwa macho yake. Shida ni kwamba kuna sehemu za mama mkwe ambazo hazitajwi mbele ya mkwe. Siku ya kwanza niliropoka, "Lennox, zile za nyuma zimezama!" Maskini, nusura apenye ule ukuta. Tukakubaliana za nyuma ziitwe gunia.

"Anti, gunia liko wapi?"

"Limezama!"

"Mama, laza kichwa kwenye maji, gunia litapanda lenyewe."

Na likapanda, haki ya Mungu. Wiki ya tano Rwamba alielea chali, masikio ndani ya maji, macho juu mawinguni, dakika nzima. Alitoka akilia, na Rwamba si mtu wa kulia ovyo.

Lakini Embu ni ndogo. Habari zikamfikia Mzee Nthiga, ndugu mkubwa wa marehemu baba yake Lennox, ambaye ndiye msemaji wa ukoo wao. Akaja Majimbo Jumapili baada ya kanisa, na suti yake na fimbo yake. Mimi nilikuwa jikoni kwa Rwamba nikichemsha chai, masikio yote sebuleni.

Sasa sikilizeni, kwa sababu hapa ndipo penye uchungu. Carol alikuwa na mimba ya miezi minane, na hospitali walikuwa wamesema ni msichana. Binti yake wa kwanza, Gatwiri, amebeba jina la mama yake Lennox. Msichana wa pili hubeba jina la mama wa mke. Ndiyo desturi. Kwa hivyo huyo wa tumboni alikuwa Rwamba tayari. Bibi yake alikuwa ameshamfumia sweta ya manjano, na Carol akija kutusalimia, tumbo ndilo linaloamkiwa kwanza: "Wajina, umeamkaje?"

"Mama Carol," Nthiga akasema, "hili jambo la maji liishe. Usipoacha, huyo mtoto hatapewa jina lako. Hatuwezi kumwita mtoto wetu jina la mwanamke anayevua nguo mbele ya mkwe."

Nakiri, mimi nilitaka akubali. Bwawa litakuwepo kesho, lakini jina likishapita halirudi, na mtu ambaye jina lake halikurithiwa, akifa amekufa kabisa.

"Mzee," Rwamba akajibu, "nilipokatazwa mto nilikuwa na miaka kumi, nikatii. Leo nina sitini na mmoja. Nitatii mpaka lini, mpaka mnizike? Mkwe wangu hajaniona hata ukucha. Muulize ukuta. Kunywa chai."

"Mimi nimesema."

"Na mimi nimesikia. Sukari hii hapa."

Alhamisi iliyofuata alifika bwawani amenuna, akatupa leso, akatangaza, "Leo navuka upande wa kina."

"Mama, bado," Lennox akauambia ukuta.

"Sikuulizi. Nakuarifu."

Akaenda. Alikwenda vizuri mpaka katikati, kisha nadhani alikumbuka kwamba chini hakuna pa kukanyaga. Macho yakamtoka. Akameza maji, mikono ikaanza kupiga huku na huku. Nikasimama ukingoni. Lennox akasikia mlio wa maji umebadilika.

"Anti? Anti, kuna nini?"

Hakungoja jibu. Akageuka, akachomoa filimbi shingoni, akaja mbio ajirushe.

"Wewe Baba Gatwiri, geuka huko!" Rwamba akamkemea, maji yakimtoka mdomoni. "Nani amekuita?"

Hasira ndiyo iliyomwokoa, nawaambia. Akajilaza chali, akavuta pumzi tatu, nne, akapiga miguu polepole mpaka kichwa kikagonga ukuta wa ng'ambo. Lennox alikuwa ameshageuka tena.

"Anti, amefika?"

"Amefika," nikasema, na hapo nikalia mimi.

Mtoto alizaliwa mwisho wa mwezi, mzima, na mapafu ya kupasua paa. Tukaenda kumwona nyumbani kwa kina Lennox, akina mama na uji wetu na ndizi zetu. Tulipokwisha kukaa, Mzee Nthiga akasimama, akasema mtoto anaitwa Kathure, kwa ajili ya shangazi yake Lennox. Carol akainamisha kichwa. Lennox akafungua mdomo, akaufunga. Simlaumu, ni kijana mbele ya wazee. Lakini kumsamehe, bado.

Watu wote wakamgeukia Rwamba. Akaomba apewe mtoto. Akamshika, akamtazama sana, akasema kwa sauti ya kusikika hadi nje, "Karibu, Kathure." Akamrudisha kwa mama yake, akainuka, akaenda jikoni.

Nilimkuta amesimama karibu na meko, machozi yanadondoka kwenye blauzi.

"Inauma, Marcella. Sitakudanganya. Inauma sana."

"Sasa utaacha?"

"Niache kwa kuwa wamenipa nini?"

Mlango ukafunguka. Alikuwa Gatakaa, mke wa Mzee Nthiga, mama wa miaka sabini na kitu, kitambaa cha kanisa kichwani, ambaye tangu nimjue sijamsikia akipinga hata neno moja la mume wake. Nikasimama mbele ya Rwamba. Kama alikuja kutia chumvi kwenye kidonda, angeanza na mimi.

Akafunga mlango nyuma yake. Akasikiliza kwanza kama kuna anayekuja.

"Jina wameshachukua," akamwambia Rwamba kwa sauti ya chini. "Sasa hawana kingine cha kukunyang'anya." Akajikohoza. "Jumanne mnaanza saa ngapi?"

Rwamba akapangusa macho kwa kiganja.

"Saa tatu," akasema. "Na usichelewe."