Ekzosi Iliyotoboka

Watu wa Mpitimbi walilisikia gari langu kabla hawajaliona. Ekzosi ilikuwa imetoboka katikati, na nikianza tu kushuka ule mteremko wa ng'ambo ya bonde, mlio ulinitangulia, ukavuka mto, ukapanda mpaka uani kwa mama. Mimi bado nahangaika na gia, mama ameshakaa chini, kanga kichwani, analia. Majirani nao wanaacha majembe wanakuja. Nikifika nakuta msiba umeshaanza, na mimi nimebeba mbolea na sukari kidogo ya chai.

Sikuwalaumu. Kaka yetu mkubwa nilimleta na gari hilo. Dada aliyemfuata nilimleta na gari hilo. Wa majirani sitawamaliza nikianza kuwataja. Miaka ile ya ruksa maduka ya Songea yalijaa kila kitu, sabuni za kunukia, redio, nguo za mitumba, na makaburi nayo yakajaa. Ugonjwa wenyewe hatukuutaja. Tulisema fulani anaumwa, basi, na msikilizaji alielewa aulizie nini na anyamaze wapi.

Gari nililipata baada ya kupunguzwa kazini. Nilikuwa bibi shamba, nafundisha watu nafasi za kupandia mahindi, ikaja habari kwamba watumishi tumezidi. Kiinua mgongo changu nikakitia kwenye pikapu kuukuu iliyouzwa kwa mnada kwenye karakana ya wamisionari. Wenzangu waliofungua genge walinicheka, mwanamke na usukani wapi na wapi. Nikawaambia mwenye wivu ajinyonge. Nikaanza kubeba mahindi kutoka Maposeni na kwetu Mpitimbi, kuwapelekea wafanyabiashara ambao sasa waliruhusiwa kununua wenyewe. Lile gari hakuna mwingine aliyeliweza. Gia ya pili ilikuwa haiingii mpaka uinue goti hivi na kuukandamiza mkono hivi, na ujuzi huo nilikuwa nao mimi tu.

Lakini mtu akifiwa utamwambia gari ni la mahindi? Nilifagia bodi, nikatandika majani, tukaenda. Mjini wakaliita gari la marehemu. Vijana wa stendi wakiniona napita mtupu waliniuliza, "Bibi shamba, leo umepumzika?" Nikawajibu kwamba zamu yao ikifika nitawatangaza redioni. Ulimi wangu ulikuwa mkali hivyo kwa sababu ndani hamkuwa na kitu kinachosema. Si majivuno, ni ukweli. Nilimzika kaka, nikarudi mjini, nikaenda kununua betri.

Sasa gari lenyewe likaanza kuchoka. Stata ilikufa, nikawa naegesha kwenye mteremko tu ili nilishtue kwa kuliachia. Nikienda kusali natafuta mteremko. Nikienda sokoni natafuta mteremko. Oili lilikunywa kama mlevi wa ulanzi, na moshi wake ulikuwa wa buluu. Fundi wangu, mtu mpole mwenye gereji yake Mfaranyaki, aliinama chini ya boneti akainuka na uso wa daktari.

"Bibi shamba," alisema, "hapa ama tufungue injini yote, ama uachane nalo. Nikitibu stata, klachi itadai. Nikitibu klachi, ringi zitadai."

"Na ekzosi?"

"Ekzosi ndiyo ugonjwa mdogo kuliko yote."

Hakujua. Kwangu ekzosi ndiyo ilikuwa ugonjwa mkubwa kuliko yote. Mama alikuwa na presha, na muuguzi wa zahanati alishaniambia waziwazi kwamba mshtuko hautakiwi. Na mimi kila nikienda kumsalimia namshtua. Niliwahi kuiziba kwa bati la kopo la mafuta ya kupikia na waya, barabara ya Mpitimbi ikaving'oa vyote kabla sijafika nusu ya safari. Niliwahi kupanda lori la watu, mama akasema kwani gari liko wapi, limempeleka nani. Ukikaa kimya taabu, ukisikika taabu.

Palikuwa na mfanyabiashara mmoja jirani aliyekuwa akileta magari yaliyotumika kutoka Japani. Alikuwa nayo pikapu nyeupe, ukiiwasha husikii kitu mpaka uweke mkono kwenye boneti. Alikubali kuuchukua mkweche wangu, nimwongezee kidogo kidogo kwa kumbebea mizigo. Kila niliyemuuliza alisema chukua. Hata mimi nilisema chukua. Ningeingia uani kwa mama kimya, ningemkuta anapepeta maharage, ningemsalimia kama mtoto yeyote anavyomsalimia mama yake.

Aliyekataa ni mdogo wangu.

Huyu alikuwa kitinda mimba wetu. Alirudi kutoka Dar es Salaam akiwa mwembamba, akafikia kwangu kwa sababu mjini kuna hospitali karibu. Tulikuwa tumebaki mimi na yeye tu, na mama alijua kwamba anaumwa. Kwa hiyo siku hizo gari likilia ng'ambo ya bonde, mama hakuwa anajiuliza ni nani. Alikuwa na jina moja tu la kulia.

Alikuwa amekaa barazani, amevaa sweta juani, akanisikia nikipatana na yule mfanyabiashara. Jirani alipoondoka akaniita.

"Dada, usilibadilishe kwanza. Nipeleke kwa mama na hilo hilo."

"Unataka umuue? Anakulilia wewe kila nikishuka ule mteremko."

"Ndiyo maana. Atalia, halafu nitashuka nimwamkie." Akacheka kidogo mpaka akakohoa. "Kila anayeliliwa hasikii. Mimi nataka nisikie mwenyewe wanasemaje."

Nilimwambia ana mizaha ya mtu mzima hovyo. Nilikasirika kweli. Nilipika uji nikaubwaga mbele yake, naye akaunywa taratibu akinitazama, akijua nitakubali. Mdogo wangu alinijua. Hasira zangu zilikuwa fupi, na baada ya hasira sikuwa na kitu kingine cha kumnyimia mtu.

Jumamosi majirani walitusukuma, gari likashtuka, tukaenda. Nilimwekea mto mgongoni. Tulipofika juu ya bonde nilitaka nizime injini nilitelezeshe kimya mpaka mtoni. Akaweka mkono wake juu ya ufunguo.

"Liache lilie," alisema.

Likalia. Tulipoingia uani walikuwa tayari. Mama yuko chini, miguu ameinyoosha, amezungukwa na wanawake, anasema yote. Mwanangu wa mwisho, uliyenyonya mpaka ukaota meno yote, uliyekataa kwenda shule bila mimi, umeniachia nani. Baba mdogo, ndugu yake baba, ndiye aliyekuwa mkubwa wa ukoo, na wanaume wake walishakwenda nyuma kufungua bodi, wakakuta mbolea. Wengine walikuwa wameshachukua majembe na sururu. Mdogo wangu alikaa ndani ya gari kioo kikiwa wazi, ameegemeza kichwa, anasikiliza. Nilimwambia ashuke. Akasema ngoja kwanza, amefika pazuri.

Kisha akafungua mlango, akashuka akiushikilia.

"Shikamoo, mama."

 Mama alinyanyuka, akaja mpaka kwake, akamshika mkono, akamtazama juu mpaka chini akitafuta pa kumpiga. Akampiga begani. "Marahaba," akasema. "Mshenzi wewe." Halafu akamkumbatia, na wale wanawake waliokuwa wanalia wakacheka huku bado wanalia, na baba mdogo akarudisha jembe nyuma ya nyumba kama vile hakuwa amelishika. Tulikula ugali na dagaa wa Nyasa. Mdogo wangu, aliyekuwa kwangu akichezea chakula kwa kidole, alimaliza.

Jioni mama aliwaambia wale wanawake kwamba amekoma. Hatalia tena kwa kelele za bati.

Basi nikamwambia mfanyabiashara auze gari lake kwa mwingine. Fundi alitikisa kichwa. Nilimpa stata atengeneze, na klachi, vingine nikamwambia tutaona. Ekzosi sikuigusa. Tulikwenda tena Mpitimbi, na tena, na mama akilisikia sasa anateleka maji ya ugali, mpaka tukivuka mto yameshachemka. Akisikia jirani anaanza kupiga yowe anamkemea. Nilidhani jambo langu nimelimaliza. Sikuwa na furaha, ila nilikuwa nalala.

Mdogo wangu alifariki asubuhi moja ya masika, nyumbani kwangu, nikiwa nimemshika mkono na mkono wa pili nimeshika kikombe. Nilikiweka kikombe chini. Nilimfunga macho. Nikaenda kwa fundi kumwambia aangalie breki, maana njia ilikuwa na utelezi. Alinipa pole, nikamjibu tumeshapoa, na angalia na gurudumu la nyuma.

Kwetu mama haambiwi na mtoto. Anaambiwa na mkubwa wa ukoo, akiwa amekaa, na watu wako karibu. Kwa hiyo nilimtuma mtu kwa baiskeli atangulie kwa baba mdogo. Baba mdogo alikwenda kwa mama, akakaa, akaongea habari za mahindi, kisha akamwambia. Yeye mwenyewe ndiye aliyenisimulia. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia, "Hata siku ile mlibeba majembe."

Baba mdogo alimwapia kwamba safari hii ni kweli. Mama akasema subiri gari. Gari likasikika ng'ambo ya bonde. Mama akainuka, akafagia ua, akachuma majani ya maboga, akateleka maji.

Niliingia uani hakuna anayelia. Wanawake walikuwa wamesimama kando ya ua, mikono midomoni, wanamsubiri mama aanze, maana mwenye msiba hajaanza. Shangazi na wengine walikuwa nyuma pamoja na jeneza. Hakuna aliyetaka kukaa mbele, kwa hiyo pale kwenye kiti cha mdogo wangu nilikuwa nimeweka mkoba wake na lile sweta. Mama alikuja moja kwa moja upande wa kushoto, anajifuta unga mikononi kwa kanga, akafungua mlango mwenyewe. Akatazama sweta. Akanitazama mimi.

"Mwambie ashuke," alisema. "Ugali unapoa."

Mimi na ulimi wangu wote. Nikapata hili tu.

"Mama, yuko nyuma."

Aliufunga mlango taratibu, kama unavyofunga mlango wa chumba mtoto akiwa amelala, akazunguka nyuma ya gari. Ndipo alipolia. Wanawake wakampokea.

Tulimzika karibu na kaka. Nilipika, nilichota maji, nilipokea watu, nilitoa shukrani kwa katekista na kwa wanakwaya. Watu walisema bibi shamba ana moyo. Sikuwa nao. Nilikuwa natembea tu, nasikia sauti za watu kama zinatoka nyumba ya pili, na usiku nalala bila ndoto kandokando ya mama, tumepeana migongo.

Tulipoanua matanga, nilimkuta mama uani anapukuchua maharage. Nikakaa, nikaanza kupukuchua naye. Nilikuwa nimeshaamua. Nikamwambia, "Mama, hili gari naliuza. Nitachukua jingine, la kimya. Hutausikia tena huo mlio."

Hakuacha kupukuchua.

"La kimya nitajuaje kama ni wewe?"

"Utaniona nikishuka."

"Wa kuletwa wamekwisha," alisema. "Nimebaki na wewe. Na hili si umesema hakuna mwingine anayeliweza? Basi. Likilia kule ng'ambo, najua dereva ni mzima. Nateleka maji." Akapepeta maganda, akayapuliza. "Siku ukiletwa wewe, litakuja gari la watu, la kimya. Hilo la kimya ndilo ninaloliogopa mimi."

Ndipo nikalia, mimi ambaye sikulia kwa kaka, sikulia kwa dada, sikulia kwa mdogo wangu aliyekufa nimemshika. Nililia maharage yakiwa mapajani, kamasi zinatoka, na mama aliniacha nilie, hakunibembeleza. Nilipomaliza alinipa ncha ya kanga yake nijifute, tukaendelea na kazi.

Niliporudi mjini nilikwenda gereji. Fundi akauliza, tunatengeneza au tunaachana nalo? Nikamwambia afungue injini yote, abadilishe ringi, abadilishe kila kinachohitaji kubadilishwa, nitakuwa nalipa kwa kubeba mahindi mpaka deni liishe. Alifurahi, akaanza kuzitaja sehemu moja moja, ananihesabia kwa vidole vyenye grisi, mpaka akafika kwenye ekzosi. Hiyo, akasema, anaijua karakana inayochomea vizuri, itakuwa kama mpya, hata hutasikia.

Nikamwambia hiyo aiache kama ilivyo.