Tamima na Gari la Harusi

Mwaka ule wa tisini na sita, ukitaka kumkuta Tamima wa Ng'ambo kalala, ungemtafuta darasani. Usiku yuko zamu ya dharura hospitali, asubuhi moja kwa moja chuo cha uuguzi, viatu vilevile. Mamake akisema, "Nimemzaa mwenyewe, lakini siku hizi nnamjua kwa picha."

Sasa Mwalimu Mkadam wa chuoni alikuwa na sheria yake: ukikosa mtihani wa mdomo, unarudia mwaka. Na Tamima kurudia hawezi. Kazini washamwambia ruhusa ya kusoma mwisho mwaka huu.

Siku ya mtihani, saa moja asubuhi, keshavua aproni anaondoka. Wakaletwa watu wa gari la harusi. Wanawake ishirini na saba wa Mkokotoni, wametoka kumpeleka bibi harusi mjini, wanarudi kwao, gari likalala ubavu. Wote sare moja, kanga za waridi, wote wanalia. Aliyekwaruzwa kidole ndiye anayelia kama kafiwa. Pandu, muuguzi mkubwa wa zamu, akashika kichwa.

"Tamima, mwanangu, nnaanza na nani hapa?"

Tamima akatazama saa, akatazama mlango. Akavaa aproni, akapanda juu ya benchi.

"Mama zangu! Bibi harusi kafika hakufika?"

"Kafikaaa!"

"Basi mbona sisikii vigelegele?"

Wallahi, watu na damu zao wakapiga! Harusi ni harusi. Lakini Tamima hasikilizi, anatazama midomo. Watatu kimya. Akawaendea hao. Mmoja Bi Mwanakheir, shangazi wa bibi harusi, kakaa pembeni kwa adabu zake, hamsumbui mtu, kumbe mbavu zimevunjika, pumzi haipiti. Huyo akawa wa kwanza kuingia kwa daktari.

Chuoni kafika saa tatu na nusu. Mwalimu Mkadam anafunga faili.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Tuonane mwakani."

"Mwalimu, nimechelewa kwa ajili ya harusi."

"Harusi! Na unasema bila haya!"

Akamsimulia palepale mlangoni, aproni ina damu. Mwalimu akakunja uso. "Hivyo vigelegele umevisoma kitabu gani?"

"Hakuna, mwalimu. Lakini anayepiga kigelegele anasikia, akili anayo, pumzi anayo. Mwanamke wa Mkokotoni, katoka harusini, akinyamaza? Huyo mahututi."

Mwalimu alijizuia, akajizuia, akashindwa. Alicheka mpaka miwani ikaanguka. "Kaa. Nambie mmoja mmoja, ulimfanyia nini." Huo ndio ukawa mtihani: akambana saa nzima, hakumsamehe hata bendeji moja.

Tamima alitoka wa kwanza darasa zima. Siku ya vyeti, Mwalimu Mkadam alisimama kuomba ukumbi utulie. Atulie nani? Nyuma kule kumejaa kanga za waridi, safu mbili nzima. Na aliyeanzisha kigelegele, mbavu zishaunga, ni Bi Mwanakheir.